Usingizi Kando ya Kijito

"Sasa wewe unaenda kwao kama nani?"

Mzee Obiero hakuinua kichwa alipouliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa nyumba yake huko Kambi Muru, Kibera, akipaka rangi nyeusi kwenye viatu vyake vya kazi. Alikuwa soja wa lango katika boma moja la matajiri kule Lavington, na hakuna siku aliyowahi kwenda kazini na viatu vyenye vumbi.

Eddah, binti yake wa pili, alisimama mbele yake na mkoba begani.

"Naenda kama mgeni, Baba."

"Mgeni wa nani? Hao watu hawajakanyaga hapa. Sijui baba yake, sijui mama yake. Mimi najua watu wa kijana ndio wanakuja kwanza, wanakaa, tunaongea. Sasa mtoto wangu ndiye anapelekwa akaangaliwe kama ng'ombe wa mnada?"

"Siendi kuangaliwa. Naenda kupumzika Pasaka. Na Nekoye, dada yake Khamala, tuko naye, nitalala chumbani kwake."

Mama yake alikuwa ndani anachagua mchele kwenye ungo. Alisema bila kupandisha sauti, "Obiero, muangalie mtoto macho. Muangalie tu, halafu umkataze."

Mzee akaweka brashi chini. Akamtazama binti yake, na Eddah akajua anachokiona, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akikiona kila asubuhi kwenye kioo: macho mekundu yaliyoingia ndani na mashavu yaliyokwisha. Miezi mitatu sasa.

"Jumanne uwe hapa," mzee akasema hatimaye, akichukua brashi tena. "Na huyo Khamala mwambie mimi bado sijamjua."

* * *

Ilikuwa hivi. Mwezi wa Januari, mwaka huo wa tisini na sita, moto uliteketeza safu ya vyumba kule Soweto West ambako Eddah alikuwa amepanga chumba cha kuishi na kushonea nguo. Ulianza alfajiri, watu wakiwa wamelala. Cherehani yake iliungua pamoja na nguo za wateja. Yeye alitoka mzima. Lakini tangu asubuhi ile usingizi ulimkimbia. Akifumba macho, masikio yanabaki wazi. Sufuria ikianguka kwa jirani, yeye yuko wima. Mlevi akipiga kelele njiani, yeye ameshavaa viatu.

Mwenye nyumba alipojenga upya, alileta mafundi wa mbao kutoka Kawangware. Mmoja wao alikuwa Khamala, Mbukusu mrefu, mpole, mwenye penseli nyuma ya sikio na tabia ya kusikiliza mtu mpaka amalize. Milango ilipokwisha, Khamala aliendelea kuja Kibera. Mara amekuja kuangalia bawaba kama zimelegea, mara amepita tu. Baadaye akamwomba Eddah amshonee vitambaa vya makochi aliyokuwa akiyatengeneza, na hapo ikawa ni zamu ya Eddah kupanda hadi karakana yake, kando ya barabara iendayo Riruta.

Mwezi Machi alimwambia anataka kumuoa. Eddah hakujibu.

Si kwamba hakumpenda. Akisikia jina lake tu moyo ulimlegea. Lakini aliogopa. Mtu aliyechoka kama yeye angemwegemea yeyote aliyesimama karibu. Angejuaje kama anamtaka Khamala, au anataka tu mahali pa kuweka kichwa? Aliogopa siku moja atapona, aamke kando yake, aone ni mgeni.

Wiki mbili kabla ya Pasaka alikuwa karakanani akishona kitambaa cha kochi la kijani kwa mkono, pembeni ambako cherehani haifiki. Akasinzia. Sindano ikaingia kidoleni.

"Wewe!" Khamala akatupa randa, akaja mbio, akamshika mkono. Akafunga kile kidole kwa kipande cha kitambaa kilekile cha kijani, polepole, kama anayefunga kitu kinachoweza kuvunjika. Kisha hakuuachia mkono.

"Umelala lini, Eddah?"

"Jana."

"Sikuulizi umeingia kitandani lini. Umelala lini?"

Eddah akaangalia chini, kwenye takataka za randa zilizojikunja miguuni pao. "Januari," akasema.

Khamala akavuta pumzi. "Twende nyumbani Pasaka. Huko kwetu hakuna kelele."

"Unataka nikupe jibu lako huko?"

"Sitaki jibu. Nataka ulale."

Eddah akacheka, machozi yakiwa karibu. "Wasichana wengine wanaahidiwa nyumba ya mawe. Mimi naahidiwa usingizi."

"Ndio niko nao," akasema Khamala, na macho yake hayakucheka.

* * *

Walifika kwao Khamala Ijumaa Kuu asubuhi, wao wawili na Nekoye. Kutoka Webuye walipanda baiskeli za abiria, kila mmoja yake, wakapita kwenye njia nyekundu iliyolowa mvua ya jana, kushoto miwa, kulia mahindi yaliyofika magotini. Mbele vilima vya Chetambe vilikuwa vimejifunika ukungu mabegani. Eddah alijishika kwenye kiti kwa mikono miwili, akaona ajabu moja: alikuwa anasikia mnyororo wa baiskeli. Ule mlio mdogo, tikitiki, aliusikia wote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kitu kingine juu yake.

Mama yao Khamala na Nekoye, Nanyama, aliwapokea uani. Alikuwa mjane mwenye hatua ndefu na maneno mafupi.

"Mulembe," akasema, akinyoosha mkono.

Eddah akamtazama Khamala.

"Anakusalimu. Ni kama kusema amani," Khamala akamnong'oneza. "Jibu hivyohivyo."

"Mulembe, Mama."

Nanyama aliushika mkono wake muda mrefu kidogo kuliko salamu, akiupima. Ulikuwa mkono laini wa mtu wa uzi na sindano. Akauachia. "Karibu," akasema. "Nairobi hamjambo?" Na bila kungoja jibu akageuka kumkaripia Nekoye kwa kukonda.

Usiku wa kwanza Eddah hakulala. Kimya chenyewe kilimtisha. Alilala kando ya Nekoye akitega sikio, akingoja ukelele ambao haukuja. Kulipokucha alikuwa na miayo ya kumpasua taya.

"Mgeni ana miayo," Nanyama aliona, akikoroga uji wa wimbi. "Kitanda ni kibaya?"

"Hapana, Mama. Kitanda ni kizuri sana."

"Basi Nekoye akupeleke mtoni ukaone maji yanakotoka. Huko kwenu yanatoka ukutani."

Nekoye, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akisomea ususi Kawangware, alisubiri mpaka walipofika njiani ndipo akacheka. "Mathe anakutesti. Anajua huwezi beba mtungi ukipanda kile kilima. Mimi mwenyewe siku hizi nabeba nusu. Usijali, tutasaidiana mos mos, polepole tu."

Njia ilishuka katikati ya vichaka vya mapera. Umande ulimlowesha sketi hadi magotini. Kila pahali palikuwa na kitu kinachoimba, na kila kinachoimba kilikuwa na nafasi ya kumaliza wimbo wake. Chini, kijito kilitoka nyuma ya mawe meusi kikatandaa kwenye mchanga, chembamba na safi, na maji yake yaliongea kwa sauti ya mtu anayejisemea tu akifanya kazi.

"Nekoye," akasema. "Haya maji ni ya nani?"

"Ni ya nani vipi? Ni maji."

"Hakuna mtu hapa na ufunguo? Hakuna laini ya kungojea maji?"

Nekoye akamtazama, akaanza kucheka tena, wote wawili wakacheka mpaka ndege wakaruka. Eddah akavua viatu, akaingia majini mpaka kwenye vifundo vya miguu. Baridi ilimpanda hadi kifuani. Akasimama hapo tu. Kwa mara ya kwanza tangu Januari hakukumbuka kusikiliza nyuma yake.

Kisha akajaza mtungi wa lita ishirini mpaka mdomoni. Akasokota leso yake ikawa ngata, akaiweka kichwani, akapiga goti, akainua mtungi kwa pumzi moja, akasimama nao. Akatoa mikono.

"We! Eddah!"

"Nimebeba maji tangu nikiwa na miaka saba," Eddah akasema, akianza kupanda. "Kutoka kioski cha maji mpaka kwetu, juu ya mitaro, watu wamejaa, na ukimwaga unanunua mengine. Hapa njia ni yangu peke yangu. Hii ni raha."

Khamala alikuwa uani akipasua kuni. Shoka lilibaki hewani. Alimwona Eddah akitokea kwenye ukingo wa kilima, shingo wima, mikono ikining'inia, maji hayatikisiki, jua la asubuhi nyuma yake. Eddah akamwona anavyomtazama. Alitaka kucheka, akashindwa, kwa sababu mtu akicheka mtungi unayumba. Basi akayabeba maji na yale macho pamoja, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni mwa jikoni.

Nanyama akaupokea mtungi. Akauchungulia, ukiwa umejaa. "Mm," akasema.

* * *

Ilipokaribia saa sita, Eddah alikuwa nyuma ya jiko na Nekoye wakichambua mrenda, ndipo sauti za Khamala na mama yake zilipopanda upande wa pili wa ukuta. Waliongea Kibukusu. Eddah hakujua Kibukusu, lakini neno Nairobi na neno Mjaluo, kabila lake, yanafanana katika kila lugha. Jina Nelima nalo lilirudi mara mbili.

"Wanasema nini?"

"Ah, mathe yuko hivyo tu," Nekoye akasema, macho kwenye mboga.

"Nekoye."

"Anasema... anasema si ubaya. Anasema umebeba maji vizuri. Lakini wewe ni mtu wa Nairobi, hata kulima hujui, na lugha hujui. Anasema kuna msichana wa jirani, Nelima, alikuwa ameshaongea na mama yake."

"Na Khamala?"

"Khamala anasema Nelima ni mzuri sana, aolewe na mtu mzuri sana."

Hata katika uchungu Eddah alitabasamu. Sauti ya Khamala ilisikika tena, chini, ya taratibu, kisha mlango ukabamizwa na hatua zake zikaenda shambani. Nanyama akatokea kwenye pembe ya jiko. Akamwona Eddah. Akajua amesikia. Wanawake wawili wakatazamana, na wa kwanza kuangalia pembeni akawa ni mama.

"Hizo sufuria mbili," akasema kwa Kiswahili, "zina masizi. Zioshwe kijitoni, kuna mchanga mzuri."

"Ndiyo, Mama."

Eddah akashuka peke yake. Alitembea haraka mwanzoni, akibishana na watu wasiokuwepo. Kwamba yeye hakuja kuomba mtu. Kwamba Jumanne atarudi Kibera, na Khamala amuoe Nelima, na wote wastarehe. Lakini njia haikumruhusu kuendelea na hasira. Kila alipotaka kukasirika vizuri kulikuwa na kitu: kipepeo wa manjano anayetangulia mbele yake kama anamwonyesha njia, au mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma akila jani kwa heshima zote. Alipofika chini alikuwa amesahau sentensi aliyokuwa ameitunga.

Akakaa kwenye nyasi. Akasema ataosha sufuria baada ya kupumzika kidogo. Harufu ya mapera yaliyoiva ilikuwa nzito, tamu, imelala juu ya maji. Jua lilipenya kwenye majani likamwekea vidole vya joto mgongoni. Akalaza kichwa kwenye mkono, ili tu asikie ardhi ina sauti gani. Ardhi haikuwa na sauti. Kijito kilikuwa nayo, ileile, haipandi haishuki, haimwiti mtu, haionyi mtu. Alijaribu kutega sikio kama kawaida yake. Hakukuwa na cha kutegea.

Kitu ndani yake, kilichokuwa kimekazwa miezi mitatu kama uzi kwenye cherehani mbovu, kikalegea.

* * *

Alipofumbua macho, kivuli kilikuwa kimehamia upande mwingine.

Karibu na uso wake palikuwa na miguu miwili ya mtu mzima, imenyooshwa, nyayo zina udongo. Juu yake tawi la mpera lilikuwa likienda na kurudi, polepole, likifukuza nzi.

"Umeamka," akasema Nanyama.

Eddah akakurupuka. "Mama! Samahani, Mama, sufuria..."

"Sufuria nimeosha."

"Ni saa ngapi?"

"Saa kumi imepita."

"Saa kumi!" Eddah akashika kichwa. "Mgeni gani huyu... Mama, sikukusudia kulala."

"Najua. Mtu hakusudii kukoroma hivyo."

"Nilikoroma?"

"Ng'ombe za mama yake Nelima zilikuja kunywa maji. Zikasimama, zikakuangalia, zikaenda kunywa kule juu."

Eddah hakujua kama acheke au alie. Uso wa Nanyama ulikuwa mkavu, lakini tawi halikuacha kupunga.

"Nilikuja na hasira," mama akasema. "Nikasema, nimemtuma sufuria mbili, ameenda kuketi. Hili tawi sikulikatia nzi. Nikakukuta umelala mdomo wazi, mikono umekunja kifuani kama mtoto mchanga. Nikataka kukuamsha. Halafu ukaongea."

"Nilisema nini?"

"'Christine, toka nje.' Mara tatu. 'Christine, toka nje.' Christine ni nani?"

Eddah akatazama maji. Hakuwahi kumsimulia mtu, si wazazi wake, si hata Khamala. Wote walikuwa wanajua moto tu, hawakujua zaidi. Lakini mwili wake ulikuwa mwepesi, akili imetulia kama ule mchanga chini ya maji, na maneno yakaja bila kusukumwa.

"Ni jirani yangu, Mama. Vyumba vyetu vilifuatana. Alikuwa na mimba kubwa. Moto ulipotushika mimi nilitoka, nikafika njiani, nikaona yeye hayuko. Nikarudi. Mlango wake ulikuwa unafunguka kwa ndani, na yeye kwa uoga alikuwa anausukuma nje. Anasukuma na mimi nasukuma, kila mtu upande wake, haufunguki. Nilimwambia atoke mbele ya mlango, hasikii. Mwisho nilivunja bati la pembeni kwa jiwe, nikamvuta."

"Akapona?"

"Alipona. Alizaa mwezi wa pili, msichana. Yuko mnene sana."

Nanyama akatoa pumzi, kama mtu aliyetua mzigo. "Na wewe ndio usingizi ukaisha."

"Nikilala nausikia ule mlango."

Nanyama akamwondolea jani la nyasi lililomnata shavuni.

"Ndio nikampata mtoto wako," Eddah akaendelea, sauti ikishuka. "Nyumba zilipojengwa tena, nilimwomba fundi wa kwanza aniwekee mlango unaofunguka nje. Akanicheka. Akasema huo ni mlango wa zizi. Wa pili naye akacheka. Khamala alikuwa anafanya kazi chumba cha pili. Akaja, akatoa bawaba, akazigeuza, akajaribu mlango mara mbili. Hakuniuliza kwa nini. Halafu akaenda kwa Christine, naye akamfanyia vilevile. Akazunguka safu nzima."

Tawi likasimama.

"Baba yake alikuwa hivyo," Nanyama akasema. "Unamwambia kitu, hakujibu, unanuna siku mbili, halafu unakuta amekifanya." Akafuta uso kwa ncha ya leso. "Nekoye alikutafsiria yale ya saa sita?"

"Kidogo, Mama."

"Nekoye mdomo wake hauna kifuniko. Sikiliza. Sikukukataa wewe, sikujui nikukatae. Nilikataa Nairobi. Watoto wanaenda huko, wanarudi Krismasi na mkate, kisha hata Krismasi hawarudi. Nilisema akioa hapa, hapa patamvuta."

"Mimi nimezaliwa huko, Mama. Sijaishi pengine."

"Na hapa umepaonaje?"

Eddah akafikiri apate neno zuri. Halikuja. "Hapa nimelala," akasema.

Na Nanyama, yule wa maneno mafupi, akacheka. Alicheka kicheko kikubwa cha tumboni, akampiga Eddah paja. "Haya! Wengine wanasifu mlima, wengine wanasifu kuku. Wewe umelala. Nimekubali." Kisha akawa makini. "Baba yako anaitwa nani?"

"Obiero."

"Anataka nini?"

"Anataka kuwajua. Alikasirika nimekuja kabla nyinyi hamjaenda."

"Ana haki. Jumanne mtasafiri na mimi na ndugu wa marehemu mzee wangu. Tutakaa kwake tujulikane. Kulima nitakufundisha, na lugha vilevile, nayo hainunuliwi." Akatazama nyasi, akatazama jua. "Mimi sijalala mchana tangu nizike mzee. Kila mara kuna kuku, kuna jembe. Hebu sogea huko."

Akajinyoosha kando ya Eddah, akajifunika uso na leso, na kabla Eddah hajajua la kusema, pumzi zake zilikuwa zimekuwa ndefu.

Eddah akachukua lile tawi. Akawa ndiye anayepunga.

* * *

Khamala alikuja kwa mbio, kutoka upande wa chini wa kijito, suruali imelowa mpaka mapajani, shati limeraruka kwapani. Alikuwa amekwenda hadi barabarani akiuliza watu wa baiskeli kama wamembeba msichana wa Nairobi, kisha akaufuata mto wote akiogopa alichokuwa akiogopa. Alipomwona Eddah alisimama ghafla kama mtu aliyegonga ukuta.

"Ed—"

Eddah akaweka kidole mdomoni. Akaonyesha.

Khamala akamwona mama yake. Mdomo ukabaki wazi. Akaja akinyata, akapiga magoti kwenye nyasi, maji yakimtiririka.

"Amefanya nini?" akanong'ona.

"Amelala."

"Mama? Mchana?"

"Shh."

"Nilidhani umerudi Nairobi. Nilidhani umesikia yale, ukaondoka. Eddah, nilidhani mto..." Hakumaliza. Kisha akamtazama vizuri, na Eddah akaona uso wake ukibadilika. "Macho yako," akasema.

"Yamefanya nini?"

"Ni meupe."

Walitazamana. Hakuna mtu aliyekuwa amemwangalia Eddah hivyo, na yeye hakuwahi kuangaliwa akiwa macho hivi. Aliiona ile penseli bado iko nyuma ya sikio, hata baada ya mto wote. Aliona jani limemnasa kwenye nywele, na kovu dogo la patasi kwenye kidevu ambalo hakuwahi kuliona kwa sababu ya uchovu. Akajitafuta ndani, kwa uangalifu, kama mtu anayepapasa jino lililokuwa linauma. Uchovu haukuwepo. Hofu haikuwepo. Akatafuta kama kuna kingine kilichoondoka pamoja nazo.

"Khamala."

"Nakusikia."

"Wewe hutaki jibu, sivyo?"

"Nilisema ulale kwanza."

"Nimelala." Akainama mpaka vipaji vyao vya uso vikakaribia kugusana, ndipo akanong'ona, neno moja moja. "Nimelala saa nne. Nimeamka. Nimekuangalia. Bado ni wewe."

Khamala hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Akafungua mdomo apige yowe la furaha, Eddah akauziba kwa kiganja, na yowe lote likamwisha ndani ya ule mkono, la moto na la kutekenya, mpaka Eddah naye akashindwa kujizuia. Wakaanguka ubavu kwenye nyasi wameshikana, wanacheka bila sauti, machozi yanawatoka.

"Kweli?" akanong'ona Khamala. "Sema tena."

"Bado ni wewe."

"Tena."

"Khamala! Mama atasikia."

"Mara moja tu. Polepole."

"Bado ni—"

"Ameshasema," ikatoka sauti chini ya leso, bila leso kusogea. "Mara mbili. Kama hujasikia nenda ukaoshwe masikio, utuache watu wengine tulale."